Askari wa Kicherokee na Mawe Yaliyong'olewa Tahlequah

Jumamosi ya tarehe 13 Juni 2020, mafundi waliingia na mitambo yao katika viwanja vya jengo la kale la matofali, katikati ya mji wa Tahlequah, jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Walikuwa wametumwa kung'oa minara miwili ya kumbukumbu. Wa kwanza ulikuwa chemchemi ya mawe iliyojengwa mwaka 1913 kuwaenzi askari wa Shirikisho la Kusini, yaani upande uliojitenga na kupigana ili utumwa uendelee katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Wa pili, wa mwaka 1921, ulimuenzi Stand Watie, Mcherokee aliyepanda hadi kuwa brigedia jenerali katika jeshi hilo.

Majira hayo minara ya namna hiyo ilikuwa ikianguka kila pembe ya Marekani. Wiki chache kabla, George Floyd, mwanamume mweusi, alikuwa ameuawa na polisi mjini Minneapolis, na katika miji mingi waandamanaji walizifunga sanamu kamba wakaziangusha wenyewe. Tahlequah mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine. Amri ilitoka kwa Chuck Hoskin Jr., Chifu Mkuu wa Taifa la Cherokee, naye alikuwepo kushuhudia kazi ikifanyika. Sababu alizotoa zilieleweka: minara ile ilikuwa na maneno yanayoumiza, na Wacherokee wameteseka vya kutosha kwa kusimuliwa historia yao na watu wengine.

Sababu hiyo ya pili ndiyo inayotaka maelezo. Ni kweli kwamba askari wa Kicherokee walipigana upande wa Kusini. Stand Watie hakubuniwa na mtu. Lakini Wacherokee wengine, kwa maelfu, walipigana upande wa Kaskazini, na wapo waliovaa sare za pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Wapo pia watu weusi waliokuwa watumwa wa Wacherokee, ambao uhuru wao ulikuwa ndio kiini cha vita vyenyewe. Minara miwili ya Tahlequah ilikamata kipande kimoja cha habari hiyo na kukiweka kwenye uwanja wa taifa zima.

Taifa lililogawanyika kabla ya vita

Wacherokee hawakutokea Oklahoma. Nchi yao ya asili ni milima na mabonde ya kusini mashariki mwa Marekani, katika majimbo ya leo ya Georgia, Tennessee, North Carolina na Alabama. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa na katiba, mahakama na gazeti lao, Cherokee Phoenix, lililoanza kuchapishwa mwaka 1828. Walikuwa pia na maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa na mtu wao aitwaye Sequoyah, ambapo kila alama husimama kwa silabi nzima. Matajiri miongoni mwao walilima pamba na kumiliki watumwa weusi, kama walivyofanya majirani zao wazungu.

Georgia ilitaka ardhi hiyo. Tarehe 29 Desemba 1835, kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini Mkataba wa New Echota na kukubali kuiacha nchi yao yote na kuhamia magharibi ya mto Mississippi. Waliotia saini hawakuwa na idhini ya Chifu Mkuu, John Ross, wala ya wananchi walio wengi. Miongoni mwao walikuwemo Major Ridge, mwanawe John Ridge, mpwa wake Elias Boudinot, na ndugu wa Boudinot, Stand Watie. Serikali ya Marekani iliutumia mkataba huo kuwafukuza watu wapatao 16,000 kwa mtutu wa bunduki katika miaka ya 1838 na 1839. Walisafirishwa zaidi ya kilometa 1,000, wengi wao kwa miguu, na inakadiriwa kuwa 4,000 walikufa kambini na njiani. Safari hiyo inajulikana hadi leo kama Njia ya Machozi.

Walipofika Eneo la Wenyeji, ambalo sasa ni Oklahoma, kisasi kiliwafuata. Tarehe 22 Juni 1839, siku moja, Major Ridge, John Ridge na Elias Boudinot waliuawa mahali tofauti tofauti kwa kosa la kuuza nchi. Stand Watie naye alikuwa katika orodha, lakini aliponea chupuchupu. Tangu hapo yeye na Ross wakawa mahasimu, na kila upande ukawa na jamaa zake, wafuasi wake na makaburi yake. Amani ya mwaka 1846 ilifunika ugomvi huo bila kuumaliza.

Kwa hiyo mwaka 1861, Kaskazini na Kusini ya Marekani zilipoanza kupigana, moto ulikuta nyasi kavu. Wacherokee wa magharibi walikuwa takriban 21,000, na miongoni mwao waliishi watumwa weusi wapatao 2,500. Watie, mwenye watumwa, alijiunga na Kusini mapema na kuunda kikosi chake cha wapanda farasi. Ross, ambaye naye alikuwa na watumwa wengi, alitaka taifa lisiegemee popote.

Msimamo wa Ross haukudumu. Majeshi ya Marekani yaliziacha ngome zao katika Eneo la Wenyeji, na fedha ambazo taifa lilistahili kulipwa kwa mujibu wa mikataba zikakwama. Arkansas upande wa mashariki na Texas upande wa kusini zilikuwa zimekwisha kujitenga. Ushindi wa Kusini katika vita vya Wilson's Creek, mwezi Agosti 1861, uliwafanya wengi waamini kwamba Kaskazini imeshindwa. Tarehe 21 Agosti, wanaume wapatao 4,000 walikutana Tahlequah, na Ross akawaambia kwamba wakati umefika wa kufanya mapatano na Shirikisho la Kusini. Mkataba ulitiwa saini tarehe 7 Oktoba. Kusini iliahidi ulinzi, malipo, na hata mjumbe wa Wacherokee katika Kongresi yake. Nafasi hiyo aliishika Elias Cornelius Boudinot, mtoto wa yule Boudinot aliyeuawa mwaka 1839.

Pini kwenye koti, maganda ya mahindi kichwani

Kuanzia hapo Kusini ilikuwa na rejimenti mbili za Kicherokee. Moja iliongozwa na Watie, na askari wake waliipigania kwa moyo. Ya pili iliongozwa na John Drew, jamaa wa Ross kwa ndoa, na humo wengi walikuwa wanachama wa Keetoowah, chama cha siri cha Wacherokee walioshika mila, ambacho kilipinga utumwa na kumchukia Watie na kundi lake. Walitambulika kwa pini mbili zilizopishana kama msalaba, zilizochomekwa kwenye ukosi wa koti au shati. Maadui zao waliwaita watu wa pini.

Mtihani wao ulikuja mapema. Opothleyahola, mzee wa taifa la Muscogee, alikataa kujiunga na Kusini na akaanza safari ya kuelekea Kansas akiwa na maelfu ya watu: wanaume, wanawake, watoto, na watu weusi waliotafuta uhuru. Jeshi la Kusini likatumwa kumzuia, na rejimenti ya Drew ikiwemo. Desemba 1861, usiku wa kuamkia mapigano ya Bird Creek, mamia ya askari wa Drew waliondoka kambini gizani. Wengine walirudi makwao, na wengine wakavuka kwenda kwa Opothleyahola, ambako walijifunga maganda ya mahindi kichwani ili wenzao wapya wasiwapige risasi. Kulipokucha, Drew alikuta amebaki na watu wachache tu.

Waliobaki au kurudi walipelekwa Pea Ridge, Arkansas, Machi 1862. Huko Wacherokee wa pande zote mbili za ugomvi wa zamani walipigana bega kwa bega kwa Kusini, na walisaidia kuteka mizinga ya adui. Baada ya mapigano, maiti za askari wa Kaskazini zilikutwa zimechunwa ngozi ya kichwa, na magazeti ya Kaskazini yaliitangaza habari hiyo kwa miezi mingi kana kwamba ndiyo yote waliyofanya Wacherokee katika vita hivyo. Kusini ilishindwa Pea Ridge.

Majira ya joto ya mwaka huo jeshi la Kaskazini liliingia katika nchi ya Wacherokee. Askari wengi wa Drew walijisalimisha na papo hapo wakaandikishwa upande wa Kaskazini, katika kikosi kilichoitwa Walinzi wa Tatu wa Wenyeji. Watu wale wale walioapa kuitumikia Kusini mwezi wa kumi, mwezi wa saba waliapa kuitumikia Marekani. Kwa wengi wao kiapo hiki cha pili ndicho kilichotoka moyoni. Ross alichukuliwa na jeshi hilo, akaishia mashariki, ambako aliitetea hoja ya taifa lake mbele ya Rais Abraham Lincoln.

Tangu hapo taifa likawa na serikali mbili. Wafuasi wa Kusini walimchagua Watie kuwa chifu wao. Wafuasi wa Kaskazini walikutana Cowskin Prairie, Februari 1863, wakiongozwa na Lewis Downing, wakaubatilisha mkataba na Kusini na kupitisha sheria ya kukomesha utumwa katika taifa la Cherokee. Ni tendo kubwa, nalo linasahaulika kirahisi: bunge la Wacherokee lilifuta utumwa kwa uamuzi wake karibu miaka mitatu kabla Marekani haijaufuta katika katiba yake.

Vita vya Watie

Ushujaa wa Stand Watie haukanushwi hata na waliomchukia. Alikuwa bingwa wa vita vya kushtukiza. Juni 1864 watu wake waliiteka meli ya mvuke iitwayo J. R. Williams katika mto Arkansas, ikiwa imejaa shehena ya jeshi la Kaskazini. Septemba mwaka huo huo, huko Cabin Creek, walishirikiana na wapanda farasi wa Texas kuteka msafara wa magari ya kukokotwa yapatayo 300, yenye mali iliyothaminiwa kuwa dola milioni moja na nusu. Askari waliokuwa wakitembea na matambara walirudi na nguo mpya, na familia za wakimbizi zilizokuwa zimekaa na njaa zikapata chakula.

Lakini silaha hizo hizo ziligeuzwa dhidi ya ndugu. Mwishoni mwa mwaka 1863, Watie aliingia Tahlequah na kuchoma majengo ya baraza la taifa, kisha akaiteketeza nyumba ya John Ross huko Park Hill. Hakuficha. Novemba mwaka huo alimwandikia mkewe, Sarah, akamweleza alichofanya. Sarah kwa upande wake, akiwa ukimbizini na watoto, aliandika kwa wasiwasi juu ya mtoto wao Saladin, aliyekuwa vitani akiwa bado kijana mdogo. Alikuwa amesikia kwamba kuna mateka ameuawa, naye alitaka mwanawe afundishwe kuwa na huruma. Barua za mume na mke hao zimehifadhiwa, na anayezisoma hukutana na watu wenye njaa, hofu na kutamani nyumbani.

Upande wa pili nao haukuwa na mikono safi. Watu wa pini walichoma nyumba za wafuasi wa Watie, wakaiba ng'ombe wao na kuwaua. Wanawake na watoto wa pande zote walikimbia, hawa kuelekea Kansas na Fort Gibson, wale kuelekea Texas.

Jenerali Robert E. Lee alisalimu amri huko Virginia tarehe 9 Aprili 1865. Watie aliendelea hadi tarehe 23 Juni, aliposalimu amri huko Doaksville karibu na Fort Towson. Alikuwa jenerali wa mwisho wa Kusini kuweka silaha chini, na hilo ndilo lililompa jina kubwa katika simulizi za watu wa Kusini waliokuja baadaye.

Hesabu iliyobaki ilikuwa nzito. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba idadi ya Wacherokee ilishuka kutoka takriban 21,000 hadi karibu 15,000. Hata kabla vita havijamalizika, hesabu iliyofanywa mwaka 1863 ilionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake watu wazima walikuwa wajane na robo ya watoto walikuwa yatima.

Kisha ikaja adhabu. Mkataba wa tarehe 19 Julai 1866 uliilazimisha Cherokee kuachia ardhi na kuruhusu reli kupita nchini mwake, kana kwamba taifa zima lilikuwa adui, ingawa wanaume wake wengi walikuwa wamevaa sare ya Marekani. Mkataba huo huo uliwapa waliokuwa watumwa, pamoja na vizazi vyao, haki zote za wazawa wa Cherokee. Ross alifariki Washington tarehe 1 Agosti 1866, siku chache tu baadaye. Watie alifariki mwaka 1871 na kuzikwa katika makaburi ya Polson, kaskazini mashariki mwa Oklahoma ya leo.

Wacherokee wa milimani

Si Wacherokee wote waliohamishwa mwaka 1838. Mamia walibaki katika milima ya North Carolina, na wazao wao leo ndio Bendi ya Mashariki ya Wacherokee. Kubaki kwao kulitegemea sana mtu mmoja, William Holland Thomas, mfanyabiashara mzungu aliyelelewa kama mtoto na chifu Yonaguska. Kwa kuwa sheria haikuwaruhusu Wacherokee kumiliki ardhi, Thomas aliwanunulia kwa jina lake mwenyewe.

Vita vilipokuja, Thomas aliunga mkono Kusini na akaunda kikosi kilichochanganya wazungu wa milimani na Wacherokee wapatao 400. Hawa hawakuwa na mashamba makubwa ya pamba. Walikuwa wageni kisheria katika nchi ya babu zao, na aliyewaita vitani ndiye aliyeshika hati za ardhi yao. Kazi yao kubwa ilikuwa kulinda madaraja ya reli na njia za milimani, na waliweza kuandikiana barua na watu wa nyumbani kwa maandishi ya Sequoyah. Septemba 1862, huko Baptist Gap mpakani mwa Tennessee, luteni wao Astoogatogeh, mtu aliyependwa na wote, alipigwa risasi na kufa. Wenzake, wakiwa na ghadhabu, waliwachuna ngozi za vichwa baadhi ya maadui waliokufa.

Februari 1864 askari wa Kaskazini waliwashambulia karibu na mkondo wa Deep Creek na kuchukua mateka. Baadhi ya mateka hao walikubali kubadili upande. Waliporudi kwao baada ya vita, majirani waliwatazama kwa chuki kama wasaliti, na mmoja wao alirudi na ndui, iliyoua zaidi ya watu 100 katika jamii hiyo ndogo.

Thomas mwenyewe alirukwa na akili baada ya vita na kuingia hospitali ya wagonjwa wa akili. Wadai wake wakaja kudai mali yake, na mali hiyo kwenye karatasi ilikuwa ni pamoja na ardhi ya Wacherokee. Ilichukua miaka ya kesi na usuluhishi kuinusuru ardhi ya Qualla, ambako wanaishi hadi sasa. Hata hivyo, mwaka 1866 bunge la North Carolina lilitambua kwa mara ya kwanza kwamba Wacherokee wana haki ya kukaa katika jimbo hilo, na utumishi wao vitani ulichangia kuwapatia haki hiyo. Karibu na mji wa Waynesville lipo jiwe la kumbukumbu linalotangaza kwamba hapo, Mei 1865, kikosi cha Thomas kilifyatua risasi ya mwisho ya vita mashariki ya mto Mississippi.

Waliosimamisha minara

Turudi Tahlequah, kwenye jengo la matofali. Wacherokee walilijenga baada ya vita, likakamilika mwishoni mwa miaka ya 1860, kuwa makao ya serikali yao mahali pa majengo yaliyoteketezwa. Humo walikaa wabunge, maofisa na mahakimu wa taifa. Kisha serikali ya Marekani iliigawa ardhi ya taifa vipande vipande na kuzivunja mahakama zake, na tarehe 16 Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo. Jengo likachukuliwa kuwa mahakama ya wilaya ya jimbo hilo. Wacherokee hawakuwa tena na mamlaka juu ya makao yao makuu.

Ni katika kipindi hicho minara ilipandishwa. Mwaka 1913 na 1921 hapakuwa na bunge la Wacherokee la kuulizwa ruhusa. Waliojenga walikuwa Jumuiya ya Mabinti wa Shirikisho, chama cha wanawake kilichoanzishwa Nashville mwaka 1894, ambacho kilisimamisha mamia ya minara Kusini nzima na kupigania vitabu vya shule vinavyosema kwamba watu wa Kusini walipigania haki za majimbo yao, si utumwa. Kwa simulizi hiyo Stand Watie alikuwa hazina. Jenerali asiye mzungu alifanya Shirikisho lionekane kama jambo la heshima ya watu wa kila rangi.

Mazingira ya nyakati hizo yanaeleza mengi. Sheria ya kwanza kabisa iliyopitishwa na bunge la jimbo jipya la Oklahoma iliamuru watu weusi watenganishwe na wengine katika mabehewa ya treni. Wazao wa watumwa wa Cherokee, ambao mkataba wa 1866 uliwafanya raia kamili wa taifa lao, walijikuta chini ya sheria za ubaguzi. Kila mmoja wao aliyekuwa na shauri mahakamani alipita kando ya chemchemi inayowasifu watu waliopigana ili babu yake abaki mtumwa.

Minara hiyo iliwaacha nje na Wacherokee wa Kaskazini. Askari wa Downing, waliorudi kuijenga nchi iliyokuwa majivu, hawakutajwa. Wengi wa wenzao waliokufa walizikwa Fort Gibson, katika makaburi ya taifa ya Marekani, chini ya mawe mengi yaliyoandikwa tu kwamba aliyelala hapo hajulikani.

Mwenye nyumba anarudi

Serikali ya Taifa la Cherokee ilifufuka miaka ya 1970. Mwaka 1971 Wacherokee walimchagua Chifu Mkuu kwa kura zao, jambo ambalo hawakuruhusiwa kwa zaidi ya miaka sitini, na mwaka 1979 jengo la Tahlequah lilirudi mikononi mwao. Leo taifa hilo lina raia zaidi ya 450,000, na mwaka 2019 jengo lilifunguliwa kuwa Makumbusho ya Historia ya Taifa la Cherokee.

Waliopinga uamuzi wa Hoskin wa mwaka 2020 walisema unafuta historia na kumdhalilisha shujaa. Hoja yao ina uzito kwa familia zenye damu ya Watie na askari wake, ambao hawakujiona kama vibaraka wa mtu. Walitetea makwao katika nchi iliyokwisha kupasuka. Lakini historia ya Watie haijafutwa. Inafundishwa, inaandikwa vitabuni, na kaburi lake lipo. Kilichoondoka ni kauli moja, iliyowekwa na chama cha nje wakati wenye nyumba wamenyang'anywa funguo, ikisimama kama sauti rasmi ya taifa.

Kuondoa mawe kulikuwa kwepesi kuliko jambo lililokuwa nyuma yake. Mwaka 2007 Wacherokee wenyewe walipiga kura kuwanyima uraia wazao wa watumwa, kinyume na ahadi ya 1866. Kesi iliendelea kwa miaka kumi, hadi tarehe 30 Agosti 2017 mahakama ya shirikisho mjini Washington ilipoamua kwamba ahadi hiyo bado ina nguvu. Februari 2021 Mahakama Kuu ya Taifa la Cherokee iliamuru maneno yanayodai uraia wa damu yaondolewe katika katiba. Wakati huo raia wenye asili hiyo walikuwa wapatao 8,500. Mwaka 2022, makumbusho ya Tahlequah yalifungua maonyesho juu ya watumwa wa Cherokee, kuachiwa kwao huru, na mapambano marefu ya wazao wao kudai uraia.

Msomaji atakayefika Oklahoma na kutaka kuiona habari hii ikisimuliwa kwa upana wake aende pia Honey Springs, kusini ya Muskogee, uwanja wa mapigano unaotunzwa na Jumuiya ya Kihistoria ya Oklahoma. Tarehe 17 Julai 1863 askari wa Kaskazini wapatao 3,000 walipambana hapo na jeshi la Kusini lililokuwa karibu mara mbili yao. Wazungu walikuwa wachache katika uwanja huo. Wacherokee walikuwa pande zote mbili, na Wamuscogee vilevile. Katikati ya mstari wa Kaskazini kilisimama Kikosi cha Kwanza cha Watu Weusi wa Kansas, wengi wao wakiwa watumwa waliotoroka, na risasi zao ndizo zilizovunja safu ya watu wa Texas mbele yao. Kusini ilirudi nyuma, na kuanzia siku ile Kaskazini ilishika sehemu kubwa ya Eneo la Wenyeji. Mawe ya granite yaliyowekwa hapo yanawataja waliopigana pande zote, kikosi hicho cha Kansas kikiwemo, na vibao vilivyopangwa kando ya njia vinaeleza nani alisimama wapi na alitokea upande gani.